Chujio la Hewa Litokanalo na Taka za Plastiki

Kwa fundi wa magari ni filta ya hewa. Kwa mwandishi wa kitabu cha sayansi ni chujio au kichujio. Majina hayo hayagombani, kwa kuwa yote yanataja kifaa kinachopitisha hewa na kubakisha uchafu. Ugumu unaanza tunapotaka kueleza jinsi chupa ya maji iliyookotwa mtaroni inavyoweza kugeuzwa kifaa hicho. Hapo istilahi moja haitoshi. Zinahitajika kadhaa, na baadhi yake tumezoea kuzichanganya.

Tuanze na kitenzi. Kuchuja, kwa mazoea ya jikoni, ni kutenganisha kwa ukubwa: tui linapita kwenye kifumbu, machicha yanabaki. Msomaji akilibeba wazo hilo hadi kwenye hewa, atadhani chujio la hewa ni chekeche lenye matundu madogo kuliko vumbi. Sivyo. Chembe zinazohofiwa zaidi na madaktari wa mapafu zina kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu, ilhali unywele wa binadamu una takriban mikromita 70. Chekeche la kuzuia chembe hizo kwa ukubwa peke yake lingeibana hata hewa, na mvaaji wa barakoa angeshindwa kupumua.

Chujio la hewa hufanya kazi kama ulimbo wa mtega ndege: nafasi ya kupita ipo tele, lakini anayegusa amenaswa. Ndani yake mna nyuzi nyembamba zilizolaliana ovyo. Chembe kubwa, kwa kasi yake, hushindwa kukata kona pamoja na hewa, ikaugonga uzi. Nyingine hufuata mkondo wa hewa lakini hupita karibu mno, ikauparaza uzi. Zile ndogo kabisa husukwasukwa na molekuli za hewa, zikayumba huku na huku mpaka zikagusa. Zikishagusa ni nadra kutoka, kwa kuwa mvutano wa molekuli unatosha kushikilia kitu kidogo kiasi hicho. Ajabu ni kwamba chembe ngumu zaidi kunaswa si zile ndogo kuliko zote, bali zile za karibu na mikromita 0.3, ambazo ni nyepesi mno kugonga na nzito mno kuyumba. Ndiyo maana machujio ya daraja la HEPA, kwa kipimo cha Marekani, hupimwa kwa chembe za ukubwa huo na hutakiwa kunasa asilimia 99.97. Basi neno chujio libaki, maana limekwisha kuota mizizi, ila maelezo yake yatumie kitenzi kunasa.

Uzi ukiwa mwembamba zaidi, plastiki ya uzito uleule hunasa zaidi. Nyuzi zenye kipenyo cha nanomita mia kadhaa tunaweza kuziita nyuzinano. Zikilaliana hufanya tabaka ambalo si kitambaa cha mfumaji, kwani halina mtande wala mshindio. Utando ndilo neno la karibu zaidi, nalo tayari tunalitumia kwa kazi ya buibui.

Plastiki haiwi uzi mpaka kwanza iwe majimaji, na hapa ndipo kitenzi kuyeyusha kinapotusumbua. Katika Kiswahili cha kila siku barafu huyeyuka juani, na sukari nayo huyeyuka ndani ya chai. Mhandisi hawezi kuuvumilia mkanganyo huo, kwa sababu njia mbili kuu za kutengeneza nyuzi hizi zinaachana hapohapo. Ya kwanza ni kuyeyusha kwa joto. Polipropilini huyeyuka karibu na digrii 160 za Selsiasi, na PET, plastiki ya chupa za maji, karibu na 250. Ikishakuwa majimaji husukumwa kwenye vitundu, ikapulizwa na hewa ya moto yenye kasi mpaka ikawa nyuzi. Tuuite upulizaji nyuzi. Njia hii iliendelezwa miaka ya 1950 na Van Wente katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, shabaha ikiwa kunasa chembe zenye mionzi angani. Leo tabaka la kati la barakoa za hospitali hutengenezwa kwa upulizaji huohuo, kisha hutiwa umeme tuli ili livute chembe. Kuliosha kwa spiriti huuondoa umeme huo, nalo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kunasa.

Ya pili ni kumumunyisha: plastiki hutiwa katika kimumunyishaji, ukapatikana mmumunyo. Mmumunyo hupitishwa kwenye sindano iliyounganishwa na umeme wa volti 10,000 hadi 30,000, na sentimita 10 hadi 20 mbele yake kuna bamba la kupokelea. Tone lililo kwenye ncha ya sindano huchongoka likawa na umbo la pia, ambalo huitwa pia ya Taylor kwa heshima ya Geoffrey Taylor, Mwingereza aliyelieleza kihisabati mwaka 1964. Hapo huchomoka mchirizi unaochapachapa hewani huku kimumunyishaji kikikauka, na kinachotua kwenye bamba ni uzi mkavu.

Kwa Kiingereza mchakato huu huitwa electrospinning, na tafsiri ya haraka ni usokotaji kwa umeme. Siikubali. Anayesokota hupota nyuzi pamoja, na hapa hakuna kinachopotwa. Umeme unavuta tu, mpaka tone likawa uzi. Uvutaji nyuzi kwa umeme ni jina linalosema kinachotendeka, na neno nyuzi linatosha kuutenga na uvutaji wa sigara. Ufundi wenyewe si mchanga: John Cooley alipata hataza yake Marekani mwaka 1902, na mwaka 1938 Igor Petryanov na Natalia Rozenblum waliutumia Moscow kutengenezea machujio. Barakoa za Lepestok, zilizotokana na nyuzi hizo, zilivaliwa na wafanyakazi waliosafisha Chernobyl baada ya ajali ya nyuklia ya 1986.

Kipya ni malighafi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walitangaza kuwa wamegeuza nyuzi za chupa za PET kuwa aerojeli, kitu chepesi chenye vinyweleo vingi, ambacho kikipakwa kemikali za amini kinaweza kuwekwa ndani ya barakoa na kunasa vumbi pamoja na kaboni dioksidi. Hata plastiki nyeupe nyepesi inayofungashiwa televisheni, yaani polistirini, humumunyika katika limonini, mafuta yanayopatikana kwenye maganda ya machungwa, hivyo inaweza kuvutwa nyuzi bila vimumunyishaji vikali zaidi. PET haina bahati hiyo, kwani vimumunyishaji vyake vya kawaida ni asidi na kemikali za hatari ambazo hazifai kuguswa nje ya maabara.

Tutenganishe pia kutumia tena na kurejeleza. Chupa ikikatwa ikaoteshewa mche, imetumika tena. Ikichambuliwa, ikaoshwa, ikakatwakatwa, ikayeyushwa na kuwa uzi, imerejelezwa. Katika safari hiyo kazi ya mwokota makopo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kipande cha PVC, plastiki ya aina nyingine, kikijificha kati ya chupa huharibu PET wakati wa kuyeyusha, na chupa zisipokaushwa vizuri unyevu hukata minyororo ya molekuli, uzi ukawa dhaifu.

Ufafanuzi ninaoupendekeza kwa kamusi zetu ni huu: chujio la hewa ni utando wa nyuzi unaopitisha hewa na kunasa chembe zilizomo ndani yake. Chanzo cha nyuzi, kiwe mafuta ghafi au makopo ya jana, si sehemu ya maana hiyo, wala hakipunguzi wajibu wa kifaa. Kwa hiyo, mnunuzi akiuziwa chujio lililotengenezwa kwa taka za plastiki, aulize mambo mawili kabla ya kulipa: linanasa asilimia ngapi, na za chembe za ukubwa gani? Muuzaji asiye na majibu hayo hauzi chujio, anauza plastiki.