Mlonge: mboga ya uani iliyogeuka kapsuli

Mwishoni mwa Oktoba 2001, wataalamu wa lishe, kilimo na maji kutoka nchi mbalimbali walikutana Dar es Salaam kuujadili mti mmoja tu. Kikao kilianza tarehe 29 Oktoba kikamalizika Novemba 2, na mti wenyewe ulikuwa mlonge. Bibi wa Tanga au Kilifi angecheka kusikia hivyo. Kwake mlonge, au mzunze kama wengine wanavyouita, ni mti wa uani: unakata tawi, unalichomeka ardhini mvua zikikaribia, na baada ya miezi michache una kivuli chepesi na mboga. Majani yake hutiwa nazi, huliwa na ugali, na habari inaishia hapo.

Leo mlonge uko ndani ya kopo. Unga wake wa kijani unauzwa kwenye maduka ya dawa asili, kwenye stendi za mabasi, kwenye mabanda ya Sabasaba na katika maduka makubwa ya mijini, ambako umejazwa kwenye kapsuli kama dawa ya hospitali. Wanunuzi ni watu wazima: mwenye presha, mwenye kisukari, mzee anayelalamikia magoti, baba anayetafuta nguvu na hataki kusema nguvu zipi, na yule asiyeumwa chochote ila anataka "kuongeza kinga". Wengi wao, nadhani, wamepita miaka bila kuonja mboga yake.

Asili ya mti huu ni India, upande wa kaskazini chini ya milima ya Himalaya. Huku kwetu ulifuata njia za Bahari ya Hindi, na hata sasa familia za Kihindi za Mombasa na Dar es Salaam huyakata matunda yake marefu membamba na kuyatia kwenye mchuzi wa dengu, chakula ambacho majirani zao Waswahili hawakukishika sana. Mlonge una ndugu pia, mwenyeji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wakonso wa Ethiopia huupanda mti huo ndugu kwenye matuta ya mashamba yao ya milimani na kula majani yake karibu kila siku. Hao hawajawahi kuhitaji kikao.

Wazungu waliupa majina ya kitaalamu katika karne ya 18. Mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus aliupa la kwanza mwaka 1753, na Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck akaupa jina linalotumika hadi sasa, Moringa oleifera, mwaka 1785. Hamu yao haikuwa majani. Walichotaka ni mafuta ya mbegu, kwa kuwa hayachachi upesi: mafundi saa waliyatumia kulainisha mashine zao ndogo, na watengeneza manukato wakayapenda kwa kushika harufu ya maua bila kuiharibu.

Mbegu hizohizo zilikuwa na kazi nyingine Sudan. Wanawake wa kando ya Nile walikuwa wakizitwanga na kuzikoroga kwenye maji yenye tope, kisha wakasubiri tope litue chini. Miaka ya 1970, mtafiti Samia Al Azharia Jahn alilifuatilia jambo hilo kwa makini na kulieleza kisayansi. Protini za mbegu zina chaji chanya, chembe za udongo zina chaji hasi. Zikikutana hushikana, huwa nzito na kuzama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza walizijaribu mbegu hizo kwenye mtambo wa maji wa Thyolo, Malawi. Hadi hapo, kwa watu wa maendeleo, mlonge ulikuwa habari ya maji.

Aliyeugeuza kuwa habari ya lishe ni Mmarekani Lowell Fuglie, mwakilishi wa shirika la Church World Service mjini Dakar. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wake kusini magharibi mwa Senegal ulianza kuwapa wajawazito, kina mama wanaonyonyesha na watoto waliodhoofu unga wa majani ya mlonge ndani ya chakula chao cha kawaida. Mwaka 1999 akachapisha kitabu kilichouita mlonge mti wa miujiza, na ndani yake kulikuwa na jedwali la virutubisho. Jedwali hilo ndilo lililoupeleka mlonge dukani.

Umeshalisikia hata kama hujaliona. Majani ya mlonge yana vitamini C mara saba ya machungwa, kalsiamu mara nne ya maziwa, vitamini A mara nne ya karoti, potasiamu mara tatu ya ndizi. Wauza mlonge wa leo huzisema hesabu hizo bila kukwama, na wengi hawajui zilianzia wapi. Ila hizo ni hesabu za majani mabichi. Majani makavu yalikuwa na hesabu zake pembeni: kalsiamu ilipanda hadi mara 17 ya maziwa, kwa sababu maji yameondoka na madini yamebaki, lakini vitamini C ilianguka ikawa nusu tu ya ile ya machungwa. Kukausha huiua. Kwa hiyo anayekuuzia unga huku akikutajia machungwa saba anakuuzia jani bichi ambalo halimo kwenye kopo. Hata hilo jani bichi lina mashaka, kwani vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha takriban miligramu 52 za vitamini C katika gramu 100, kiasi kinacholingana na chungwa la kawaida.

Kisha kuna suala la kipimo, na hapa ndipo mtu mzima anapopotea zaidi. Jedwali lililinganisha gramu 100 za unga na gramu 100 za maziwa. Maziwa ya gramu 100 ni mafunda machache. Unga wa gramu 100 ni zaidi ya vijiko kumi vya chakula vilivyojaa, na sijui ni nani angeumeza. Fuglie mwenyewe alikuwa anazungumzia kijiko kimoja, kama gramu 8, kilichokorogwa kwenye chakula cha mtoto. Hicho kina takriban miligramu 160 za kalsiamu, sawa na nusu glasi ya maziwa. Kwa mtoto wa miaka miwili ambaye nyumbani kwao maziwa hayaonekani, hilo ni jambo kubwa.

Sasa chukua kapsuli ya nusu gramu. Ina miligramu 10 za kalsiamu. Mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku, yaani kapsuli mia moja. Jani halijabadilika tangu lilipokuwa la mtoto wa Senegal. Mlaji amebadilika, na kijiko kimepungua hadi kuwa punje.

Kapsuli ilipata njia pana Marekani kwanza. Oktoba 1994 Rais Bill Clinton alisaini sheria iliyoweka mimea na vitamini katika kundi la virutubisho vya nyongeza, upande wa chakula badala ya dawa. Mwenye bidhaa halazimiki kuithibitishia serikali, kabla ya kuuza, kwamba inafanya kazi. Anaruhusiwa kusema bidhaa yake inaimarisha au inasaidia mwili. Akisema inatibu, amevuka mpaka. Soma kopo lolote la mlonge, hata lililofungwa Mbagala, Dar es Salaam, utaikuta lugha hiyohiyo: husaidia, huimarisha, huboresha.

Tanzania ilikuwa na njia yake. Muhimbili palikuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ikaunda Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mwaka uliofuata ikaja sheria iliyoanzisha TFDA, mamlaka iliyosimamia chakula na dawa chini ya paa moja. Mwaka 2019 paa hilo liligawanywa: chakula kikaenda Shirika la Viwango (TBS), dawa na vifaa tiba vikabaki kwa mamlaka iliyopewa jina jipya, TMDA. Unga wa mlonge ukibandikwa jina la chakula unaenda huku, ukibandikwa jina la dawa unaenda kule, na jani ni lilelile. Muuzaji mjanja huandika chakula kwenye kopo na kutamka dawa mdomoni.

Sheria hizo za 2002 na 2003 zilikuja wakati ukimwi ukiwa umeshika nyumba nyingi. Kabla dawa za kufubaza virusi, ARV, hazijaanza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, wengi hawakuwa na kingine zaidi ya lishe na mizizi, na mlonge ulisifiwa kwa wagonjwa waliokonda. ARV zilipokuja, mlonge haukuondoka. Ulikaa pembeni yake. Hapo mlonge unatofautiana na kikombe cha dawa ya mitishamba cha mwaka 2011, kile alichogawa mzee aliyejulikana kama Babu wa Loliondo kwa shilingi 500, kilichowafanya baadhi ya watu waache dawa za hospitali kwa kuamini wamepona. Mtumiaji wa mlonge haachi kitu, anaongeza. Asubuhi anameza vidonge vya kliniki, mchana anakoroga kijiko cha unga kwenye uji, na daktari akimuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, anajibu hapana. Mlonge ni mboga, anaona.

Zimbabwe walijaribu kulijua jambo hilo kwa undani. Uchunguzi uliofanywa huko kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi uligundua kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia mlonge, wengi walianza baada ya kupimwa, na walioshauri walikuwa hasa marafiki na ndugu. Wengine walichanganya majani na mizizi au magome, na hapo pana hatari ya kweli, kwa kuwa mizizi na magome yana sumu ambazo majani hayana. Ndiyo maana mjamzito hukatazwa kuvitumia. Watafiti wakauliza swali lililofuata: je, unga wa majani unapunguza nguvu ya ARV? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia nevirapine, ARV iliyokuwa ikitumika sana, na haukuona mabadiliko ya maana katika kiasi chake kwenye damu ya wagonjwa. Ilikuwa habari njema. Miaka michache baadaye kliniki zetu zikaanza kuhamisha wagonjwa kutoka nevirapine kwenda ARV nyingine, dolutegravir, huku wagonjwa wakiendelea na mlonge wao.