Orofa ya Bi Harusi na Kibali Chake

Msimu wa harusi ukikaribia, maneno haya husikika sana katika nyumba za Mji Mkongwe: "Tuongeze chumba juu, maharusi wapate pa kukaa." Wazo hili si geni. Lina historia ndefu pwani kwetu, na ndani yake tunaona kwa nini leo tunaambiwa tukate kibali kwanza.

Zamani, Lamu na miji mingine ya Waswahili, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au alimuongezea orofa juu ya nyumba ya wazazi. Bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mke. Ndugu wakiwa ng'ambo ya kichochoro, kilijengwa kipito juu ya njia, kinaitwa wikio, ili wanawake watembeleane bila ya kushuka barabarani.

Mipaka ya ujenzi ilikuwapo. Boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kuzidi upana wa mita 3 hivi. Na alikuwapo jirani. Dini yetu inatukataza kumdhuru mwenzetu, na dirisha jipya linalochungulia uani kwa watu, wanawake wakiwa vichwa wazi, ni dhara.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mawe zilitaifishwa, zikakaliwa na familia kadhaa kwa pamoja, na matengenezo yakakosa mwenyewe. Nyingine zikaanguka. Ndipo mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukapita mpango wa uhifadhi, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji wetu katika Urithi wa Dunia. Kuongeza, kubomoa au kubadilisha sura ya nyumba humo kunataka kibali cha Mamlaka.

Wako wanaoona huo ni usumbufu. Lakini ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Ukiupaka saruji, unyevu hubaki ndani na vichwa vya boriti huoza. Ukiupandishia zege, unaubebesha mzigo ambao haukujengewa, na mara nyingi ukuta huo mmeshirikiana na jirani. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib ilianguka ikiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Ikiwa jumba kubwa vile lilianguka, nyumba zetu je?

Tusisahau pia kwamba nyumba nyingine ni za wakfu. Hizo ni amana. Aliyeziweka wakfu alikusudia thawabu, na mpangaji hana ruhusa ya kuzibadilisha atakavyo.

Kwa hiyo, bi harusi mtarajiwa, na wewe mama yake, kabla ya kununua kitanda na mapazia ulizeni mambo matatu: nyumba ni ya nani, jirani amesemaje, na kibali kiko wapi. Allah azijaalie nyumba zetu stara na salama. Amin.