Kivumishi “-nyonge” kati ya Moyo na Siasa: Historia Fupi ya Matumizi Yake nchini Tanzania

Maneno mengi ya Kiswahili yanayotaja moyo uliovunjika ni nomino: huzuni, simanzi, majonzi, jitimai. Mtu huwa na huzuni au hujaa simanzi. Kivumishi “-nyonge”, kwa upande wake, huambatana moja kwa moja na nomino na kupatana nayo: uso mnyonge, sauti nyonge, watoto wanyonge. Hoja ya makala haya ni kwamba kivumishi hiki hubeba hali ya moyo pamoja na nafasi ya mtu katika jamii, na kwamba mwanahistoria hana budi kuzipambanua maana hizo kwa kuzingatia sentensi nzima.

Katika sentensi “Mbona leo uko mnyonge?”, maneno “leo” na “uko” yanaonyesha hali ya kupita, anayeulizwa aweza hata kuwa tajiri. Katika “Yeye ni mtu mnyonge, hana wa kumtetea”, kitenzi kishirikishi “ni” kinaashiria hali ya kudumu. Methali “Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni” inakigeuza kivumishi kuwa nomino, na suala linakuwa haki, si huzuni.

Siasa iliikuza maana hii ya pili. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, liliutaja unyonge kuwa chanzo cha kuonewa na kunyonywa, na mapinduzi kuwa njia ya kuuondoa. Hapo unyonge ulikuwa wa taifa zima lililotoka katika ukoloni. Wakati wa urais wa John Magufuli (2015–2021), neno “wanyonge” lilivuma tena, safari hii likiwataja zaidi raia wa kipato cha chini. Unyonge wa taifa ukawa unyonge wa tabaka.

Mabadiliko hayo yanaathiri usomaji wa masimulizi ya wazee. Tuchukulie kwamba msimulizi wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 anasema: “Tulipohamishwa tulikuwa wanyonge.” Mtafiti anayesikia siasa pekee hupoteza majonzi ya kuacha nyumba na makaburi ya wazazi, anayesikia majonzi pekee hulifuta swali la nani aliamua na nani hakuulizwa. Kwa hiyo, sentensi inukuliwe kikamilifu, na msimulizi aulizwe unyonge huo ulikuwa wa nini, kabla mtafiti hajamchagulia maana.