Mstari kwa Mstari: Mchoro wa Krismasi Darasani
Somo la kuchora mti wa Krismasi hatua kwa hatua, mwalimu akichora ubaoni na watoto wakimfuata, huonekana kama burudani ya kufunga muhula. Mzizi wake mmoja, hata hivyo, uko kiwandani. Mwaka 1870 jimbo la Massachusetts, Marekani, liliingiza uchoraji kwa sheria katika shule za umma, kwa kuwa wenye viwanda walitaka mafundi wa kubuni bidhaa. Mwalimu wa sanaa Walter Smith akaletwa kutoka Uingereza kuongoza somo hilo, na mfumo wake ukaanzia kwenye mistari na maumbo ya jiometria ambayo watoto waliyanakili. Vitabu vyake vilichapwa na Louis Prang wa Boston, yuleyule aliyeeneza kadi za Krismasi nchini humo.

Franz Cižek, aliyefungua darasa la sanaa la watoto Vienna mwaka 1897, alipinga kunakili. Alitaka mtoto achore yaliyo moyoni mwake. Hoja hiyo ni nzito. Lakini kwake watoto walikuja kwa hiari, nje ya saa za shule. Mfumo wa Smith ulimkabili kila mwanafunzi, hata yule anayeogopa karatasi tupu, na huyo anahitaji sana mstari wa kwanza ulio wazi. Udhaifu wa mfumo huo, naamini, ulikuwa kumzuilia mtoto kwenye nakala hata baada ya mkono kupata ujasiri.