Amelewa au Hajalewa? Jinsi Uingereza Ilivyoupa Ulevi Namba

Hebu fikiria wewe ni hakimu. Mbele yako yupo dereva aliyekamatwa usiku ananuka pombe. Anaongea vizuri tu, anasema alikunywa bia mbili basi. Alikuwa amelewa au hajalewa? Utajuaje?

Swali hilo liliwasumbua Waingereza karibu miaka mia moja. Mwaka 1872 Bunge lao lilipitisha sheria iliyomkataza mlevi kuendesha farasi, ng'ombe, gari la kukokotwa au injini ya mvuke barabarani. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 40 au kifungo kisichozidi mwezi mmoja. Motokaa zilikuwa hazijaja bado.

Zilipokuja, zikaikuta sheria hiyo hiyo. Septemba 1897 George Smith, dereva wa teksi ya umeme (ndiyo, ya umeme!), aligonga jengo mtaa wa New Bond Street, London. Akakiri kwamba alikunywa bia, akatozwa faini. Anatajwa kuwa dereva wa kwanza wa motokaa kutiwa hatiani nchini humo kwa ulevi.

Smith alikiri. Wasiokiri je? Polisi walimwita daktari. Mtuhumiwa aliambiwa atembee juu ya mstari, atamke maneno magumu. Sasa hapo mnywaji mzoefu angeweza kupita bila shida, na mtu mwenye woga akaonekana mlevi. Kesi ikabaki kuwa maoni ya huyu dhidi ya maoni ya yule.

Sayansi ndiyo iliyolibadilisha swali. Pombe ukishainywa huingia kwenye damu. Damu ikipita kwenye mapafu, kiasi kidogo cha pombe hugeuka mvuke na kutoka na pumzi. Kwa hiyo ulevi unaacha alama inayopimika. Msweden Erik Widmark alionyesha namna ya kupima pombe kwa matone machache tu ya damu, na mwaka 1936 Norway ikaweka kikomo cha kisheria: nusu sehemu ya pombe katika kila sehemu 1,000 za damu.

Uingereza ilifika huko 1967, chini ya Waziri wa Uchukuzi Barbara Castle, ambaye mwenyewe hakuwa na leseni ya udereva. Kikomo kikawa miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Ukizidi hapo umevunja sheria, hata kama unatembea umenyooka kama rula, na unafungiwa leseni kwa angalau mwaka mmoja. Barabarani, dereva alipuliza kwenye kimrija chenye kemikali ya manjano. Ikigeuka kijani, safari ya kituoni, akapimwe vizuri. Wenye baa walilalamika, na Castle akapokea hadi vitisho vya kuuawa.

Matokeo? Katika mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya 1,000.

Lakini usishangilie bado. Baada ya muda nafuu ile ilianza kufifia. Mtafiti Mmarekani H. Laurence Ross alichunguza takwimu hizo na kueleza kwa nini: mwanzoni madereva waliogopa kwa kuamini kwamba lazima watakamatwa. Walipozoea wakagundua kwamba vipimo ni vichache, na kwamba uwezekano wa kunaswa ni mdogo. Woga ukaisha. Adhabu kwenye kitabu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni hesabu ya dereva kichwani.

Ndiyo maana ukisikia mtu anadai dawa ya madereva walevi ni kuongeza miaka ya kifungo, muulize kwanza: leo usiku, wangapi watasimamishwa na kupimwa? Kikomo kiliipa mahakama jibu la wazi. Ila namba haimzuii mtu anayeamini hakuna atakayempima.