Jibu la malenga si matusi: Adabu ya kujibizana kutoka Mvita hadi Kitale na Bungoma

KILA jamii ya watu wanaopenda jambo moja, wawe wavuvi, wacheza bao au washairi, huwa na adabu ambazo hazikuandikwa popote. Mwenyeji hazioni kwa kuwa amekulia ndani yake. Mgeni huzigundua siku anapozikiuka. Katika makala haya ninakusudia kuonyesha kwamba ugomvi mwingi unaozuka katika makundi ya WhatsApp ya washairi wa Kiswahili hautokani na vina wala mizani. Hutokana na watu waliofunzwa adabu tofauti za kusema mbele ya hadhira.

Chukua mfano huu. Katika kundi mojawapo lenye walimu wengi wa Kitale na Bungoma, mwalimu kijana alituma shairi lake la kwanza, beti nne za tarbia. Kabla ya saa moja kupita, mzee mmoja wa Mombasa alikuwa amemjibu kwa beti nne, vina vile vile, akimuuliza mshororo wenye mizani 17 ulizaliwa wapi. Wengine wakashangilia. Kijana akaandika, "Kwani nimewakosea nini?" kisha akajitoa kundini. Nilipompigia simu aliniambia, "Mwalimu, yule mzee amenianika mbele ya watu." Nilipozungumza na mzee, alishangaa kwelikweli: "Bwana wee, mtu nisiyemthamini huwa simjibu."

Wote wawili walisema kweli. Ili kuelewa ni kwa nini, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Katika miji ya pwani, kujibizana ndiyo roho ya ushairi. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu takriban 1776 hadi 1840, alirushiana tungo na washairi wa Lamu, akiwemo Zahidi Mngumi, katika miaka ambayo miji hiyo ilihasimiana hadi ikapigana vita vya Shela. Hata katika uhasama huo adabu ilikuwepo. Shairi hujibiwa kwa shairi. Anayejibu hufuata bahari ya mwenzake na, akiweza, vina vyake pia. Ukijibiwa, basi umehesabiwa miongoni mwa watunzi. Aibu ilikuwa kunyamaziwa.

Sasa hebu twende Bungoma. Wabukusu wana khuswala kumuse, ulumbi unaofanywa baada ya maziko ya mzee wa hadhi. Mlumbi huwa na kipawa kinachojulikana katika ukoo wake. Hutembea huku na huko mbele ya umati, akisimulia asili ya jamii, akionya na kupatanisha. Waombolezaji hutulia wakasikiliza. Hasimami mtu kuhesabu makosa yake. Kijana wetu anafundisha Kitale lakini amekulia Bungoma, na kwake kumkosoa msemaji hadharani ni kumvua nguo. Angejuaje kwamba Mvita hiyo ni njia ya kumkaribisha?

Basi zamani watu wa bara walijifunzaje adabu za pwani? Walipitia milango miwili. Wa kwanza ulikuwa magazeti. Jarida la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilipokea mashairi kwa posta, na baadaye magazeti mengine, likiwemo hili unalolisoma, yakatenga kurasa za ushairi. Mtunzi mgeni alipiga hodi katika ubeti wa kwanza kwa kumwomba mhariri nafasi. Mhariri alichuja. Jibu lilichukua siku au wiki kufika, na hasira ilipata muda wa kupoa.

Mlango wa pili ulikuwa kitabu. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Aliyajumuisha katika kurasa mambo ambayo watu wa barazani waliyajua kwa kukaa barazani. Na ajabu ni kwamba Amri mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa bara ndiye aliyewaandikia wageni wenzake kanuni za nyumba!

Hata hivyo, kanuni ikiandikwa inaweza kugeuka ukuta. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wanamapokeo waligoma kuyaita mashairi, na mjadala huo ukaendelea kwa miaka mingi. Lakini wageni hawakuacha kubisha. Baada ya Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir (1971), Mulokozi na Kahigi walileta Malenga wa Bara (1976), kisha Wallah bin Wallah akaja na Malenga wa Ziwa Kuu (1988). Majina hayo yenyewe ni hodi.

Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulilifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa. Wanafunzi wa Kitale na Bungoma wakajua tarbia, utoshelezi na mshata. Lakini shule humfunza mwanafunzi kuhesabu mizani, haimfunzi kujibiwa. Na makundi ya leo hayana baraza la kukaa ukatazama, wala mhariri wa kuchuja. Jibu linafika shairi likiwa bado moto, mbele ya mamia ya macho.

Ndiyo maana ninaona mzigo mkubwa uko kwa wenyeji. Msimamizi wa kundi, admini kama wasemavyo vijana, afuate nyayo za Amri Abedi: amwandikie kila anayeingia kwamba hapa shairi hujibiwa, na kwamba kujibiwa ni heshima. Shairi la kwanza la mtu lipewe karibu kwanza. Hesabu ya mizani apelekewe kando. Mgeni naye asome tungo za wenzake siku kadhaa kabla ya kutuma zake, na akijibiwa, ajibu. Asikimbilie kujitoa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangejitoa waliotoka Ujiji, Ukerewe na Ziwa Kuu siku ya kwanza walipokosolewa, rafu yetu ya diwani ingekuwa nyembamba mno.