Pigano la Montreal lililobaki midomoni

Siku ya soko Mukurweini, kando ya abiria wanaosubiri gari la Karatina lijae, hutakosa kuisikia kesi hii: kati ya Philip Waruinge na Robert Wangila, nani angemlaza mwenzake? Wazee ni wa Waruinge. Wa umri wa makamo, waliokuwa shule ya msingi mwaka 1988, hawataki kusikia jina lingine ila Wangila. Vijana wakimtaja Mike Tyson wanaambiwa wanyamaze, wakubwa wanaongea.

Kesi yenyewe ina dosari tangu mwanzo. Waruinge alikuwa bondia wa uzani wa unyoya, kilo 57. Wangila alipigania uzani wa welter, kilo 67. Ukiwaingiza hao wawili ulingoni siku moja, refa atahitajika kidogo na polisi zaidi. Ndiyo maana mashabiki wamejitungia dawa: “tuseme wana uzani mmoja.” Lakini ukishampa Waruinge kilo kumi, ile miguu yake myepesi ataibeba vipi? Na mkono mzito wa Wangila utabaki na nini ukimpunguzia mwenyewe kilo kumi?

Kuna jambo jingine ambalo wazee hulisahau. Wangila alipigana katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa na kofia ya kujikinga kichwa, kama walivyovaa mabondia wote wa Olimpiki kuanzia 1984 hadi 2012. Waruinge hakuivaa, si Mexico, si Munich. Kila ngumi iliyompata ilimkuta na nywele zake tu.

Na huyo Waruinge, ambaye jina lake huku milimani linasikika kama la jirani ingawa ndondi zake zilikomaa Nakuru, ana rekodi ngumu kuipinga. Alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mara mbili, Kingston mwaka 1966 na Edinburgh mwaka 1970. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alishindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji, kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Akarudi na shaba. Hata hivyo, kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi zaidi katika michezo yote, alipewa yeye. Mwaka huo George Foreman alishinda dhahabu ya uzani mzito, na bado waliotoa kombe walimtazama Mkenya mwenye shaba. Miaka minne baadaye, Munich, Waruinge alifika fainali akapoteza kwa Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovieti. Majaji watatu kwa wawili, tena. Kura moja Mexico na kura moja Munich, na leo tungekuwa tunazungumza lugha nyingine kabisa.

Wangila hakuwaachia majaji kazi. Katika fainali ya Seoul, raundi ya pili, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani na mambo yakaishia hapo. Dhahabu hiyo ndiyo ya kwanza ya Olimpiki katika ndondi kwa bondia kutoka Kenya. Boudouani hakuwa mtu wa kubahatisha: baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa WBA. Wangila naye alihamia Marekani kupigania pesa, akafariki Julai 1994 kutokana na majeraha ya pigano lake na David Gonzalez huko Las Vegas. Alikuwa na umri wa miaka 26. Mnapofika hapo katika ubishi, sauti hushuka kidogo.

Wamarekani walijaribu kuumaliza ubishi wa namna hii kwa kompyuta. Mwaka 1967 mtangazaji wa Miami, Murray Woroner, alilisha mashine takwimu za mabingwa wa uzani mzito wa zama zote na kutangaza mapigano yao redioni. Mashine ilisema Muhammad Ali angepigwa na Jim Jeffries. Ali akaenda mahakamani. Mwishowe, mwaka 1969, Ali na Rocky Marciano waliingia ulingoni wenyewe mbele ya kamera, Marciano akiwa amepunguza mwili na kuvaa nywele za bandia, wakaigiza raundi za dakika moja moja bila kujua mwisho ungewekwa upi. Filamu ilipoonyeshwa Januari 1970, Marciano alimshinda Ali katika raundi ya 13. Marciano hakuiona: alikufa katika ajali ya ndege Agosti 1969. Kwa maoni yangu kompyuta ile haikuthibitisha chochote ila kwamba watu watalipa kiingilio hata kwa jambo lisilowezekana.

Kwa hiyo nikiulizwa, kwanza nataka uzani uwe mmoja kweli. John Mugabi wa Uganda alitwaa fedha ya welter Moscow mwaka 1980, uzani uleule wa Wangila. Alipogeuka bondia wa kulipwa aliwamaliza wapinzani wake 25 wa kwanza wote kwa nokauti, kabla Marvin Hagler hajamzima katika raundi ya 11 mwaka 1986. Mugabi na Wangila, raundi tatu, hilo ningepanda gari kwenda kulitazama. Sidhani lingefika raundi ya tatu.

Lakini kuna pigano moja ambalo halihitaji kompyuta wala kuongeza mtu kilo, kwa kuwa mabondia wote wawili walikuwa hai, wazima, uzani mmoja na zama moja. Stephen Muchoki alikuwa wa kilo 48. Mwaka 1974 alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch. Mwaka huohuo, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya ndondi za ridhaa, alifika fainali. Fainali ilikuwa Havana, na mpinzani alikuwa Jorge Hernández wa Kuba. Muchoki akarudi na fedha.

Marudiano yalistahili kuwa Montreal mwaka 1976. Hapo ndipo raga ilipoingilia ndondi. Timu ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini wakati damu ya wanafunzi waliouawa Soweto ilikuwa bado mbichi, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuifukuza New Zealand. Zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, ziligoma, Kenya ikiwamo. Uamuzi ule sina ugomvi nao. Lakini bei yake ililipwa na watu wachache sana, na Muchoki alikuwa mmoja wao, kama Filbert Bayi wa Tanzania alivyomkosa John Walker wa New Zealand katika mita 1,500. Dhahabu ya kilo 48 ilikwenda kwa Hernández.

Wanaosema Muchoki asingempiga wanapaswa kutazama yaliyofuata. Mwaka 1978 alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Belgrade, kisha akatetea dhahabu yake ya Madola Edmonton. Baadaye akageuka bondia wa kulipwa. Mwaka 1982, Copenhagen, alipata nafasi ya ubingwa wa dunia wa WBA, akiwa amepanda uzani, akapigwa na Santos Laciar wa Argentina katika raundi ya 13.

Montreal kusingekuwa na umati wa Havana ukimshangilia Hernández kila anaporusha mkono. Mimi nampa Muchoki, majaji watatu kwa wawili, na mzee mmoja aliyenisikia nikisema hivyo sokoni alidai ni wanne kwa mmoja. Tulikuwa bado tunahesabu majaji gari lilipojaa.